Kiwanda na Msitu: Filamu ya Princess Mononoke na Migogoro ya Migodi Kolwezi

Migogoro ya migodi husimuliwa mara nyingi kwa namna moja tu: yupo mwovu, yupo aliyeonewa, na kazi ya mpenda amani ni kusimama na aliyeonewa. Lakini anayeishi Kolwezi anajua kwamba mambo hayako wazi hivyo. Kijana anayeruka ukuta usiku kuingia katika eneo la kampuni ana watoto wanaongoja bukari. Mlinzi anayemfukuza naye ana watoto. Mama anayelima mihogo kando ya mto anataka maji safi, na mwanawe wa kwanza anaomba kazi katika kiwanda cha juu ya mto huohuo. Nani basi ni adui wa nani?

Katika makala hii tunaeleza filamu ya katuni kutoka Japani inayoitwa Princess Mononoke, na jinsi inavyoweza kutusaidia kuiona migogoro ya shaba na kobalti katika jimbo la Lualaba kwa macho mapya. Hatusemi kwamba Kolwezi ni sawa na Japani ya kale. Tunasema kwamba filamu hii inauliza maswali ambayo kila msuluhishi katika nchi ya migodi anapaswa kuyauliza. Mwishoni tumeweka ushauri na maswali kwa vikundi vinavyotaka kuitazama na kuijadili pamoja.

Hadithi kwa ufupi

Princess Mononoke iliongozwa na Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli, na ilitolewa mwaka 1997. Ni hadithi ya kubuni, yenye miungu na mapepo, iliyowekwa katika Japani ya karne nyingi zilizopita, wakati silaha za baruti zilikuwa kitu kigeni.

Kijana Ashitaka anaishi katika kijiji cha mbali. Siku moja nguruwe mwitu mkubwa, aliyegeuka kuwa pepo mbaya, anakishambulia kijiji. Ashitaka anamwua, lakini kabla ya kufa nguruwe anamgusa mkono na kumwachia alama. Alama hiyo ni laana itakayoenea mwilini mpaka imwue. Ndani ya mzoga wazee wanakuta donge la chuma. Risasi hiyo ndiyo iliyomtia nguruwe maumivu na chuki mpaka akawa pepo. Ashitaka anafunga safari kwenda magharibi kutafuta risasi hiyo ilitoka wapi.

Anafika katika Mji wa Chuma, unaoongozwa na mwanamke anayeitwa Bibi Eboshi. Mji huo unayeyusha mchanga wa chuma kwa makaa, na ili kupata mchanga na makaa unakata miti ya milima. Msituni wanaishi miungu ya wanyama. Mmoja wao ni Moro, mbwa mwitu jike, aliyemlea binti wa kibinadamu aitwaye San. San ndiye anayeitwa Mononoke. Yeye anataka kumwua Eboshi, na Eboshi anataka kuwamaliza miungu ya msitu. Juu ya wote yuko Roho wa Msitu, anayetoa uhai na kuuchukua.

Yuko pia mtu wa tatu, mtawa aitwaye Jiko. Huyu ametumwa kuleta kichwa cha Roho wa Msitu kwa sababu mfalme mkuu wa nchi anaamini kwamba kichwa hicho kitampa uzima usiokwisha. Anamshawishi Eboshi, na Eboshi anakipiga kichwa na kukikata. Hapo mwili usio na kichwa unamwagika juu ya nchi kama gharika, na kila unachokigusa kinakufa, msitu na mji pia. Ashitaka na San wanakichukua kichwa kwa nguvu kutoka kwa Jiko na kukirudisha kwa mwenyewe. Mauti yanakoma, majani yanaanza kuota juu ya milima, na Eboshi, ambaye amepoteza mkono na mji wake, anasema ataanza upya kujenga mji ulio bora zaidi.

Bibi Eboshi si shetani

Jambo la kwanza tunalojifunza ni hili: anayeharibu msitu si mtu mbaya kwa kila upande. Eboshi amewanunua wanawake kutoka madanguroni na kuwapa kazi ya kusukuma mivukuto ya tanuri, wakiwa huru na wakisema wanachotaka. Amewapokea wagonjwa wa ukoma ambao wengine wote waliwatupa, akawaosha vidonda kwa mikono yake na kuwapa kazi ya kutengeneza bunduki. Wanampenda. Ukiwauliza, watakuambia kwamba kabla ya mji huu hawakuwa watu.

Kolwezi ina historia inayofanana na hiyo kwa sehemu. Kazi ya shaba haikuletwa na wazungu. Basanga na Bayeke waliyeyusha shaba ya Katanga kwa makaa wakati wa kiangazi na kuifinyanga kuwa misalaba iliyosafiri mbali kwa biashara. Lakini mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Kampuni iliwapa wafanyakazi nyumba, unga, hospitali na shule. Pia iliwatenga kwa rangi, iliwapangia maisha yao, na ilipeleka faida ng'ambo. Mwaka 1967 serikali ya Kongo ilitaifisha migodi hiyo, na baadaye kampuni ya taifa ikajulikana kwa jina la Gécamines. Kwa familia nyingi kampuni ilikuwa kama baba na mama.

Kisha baba akaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Deni, uporaji wa fedha, ukosefu wa vipuri na fujo za kisiasa vilimaliza yaliyobaki, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaita watu wa kizazi hicho watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Ni muhimu kukumbuka historia hii tunapozungumza juu ya wachimbaji wa mikono, ambao Kolwezi wanaitwa creuseurs. Wengi walianza kuchimba kwa sababu mshahara ulikoma na ardhi ilikuwa na madini. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaharibu mazingira, bila kusema neno juu ya kazi yake, ni kama kumwambia mgonjwa wa ukoma arudi barabarani kwa ajili ya miti. Hatakusikiliza, na atakuwa na haki ya kutokusikiliza.

Laana inamwangukia nani?

Jambo la pili ni laana. Ashitaka hakuwahi kuuona Mji wa Chuma, hakuwahi kukata mti wake wala kutumia chuma chake. Hata hivyo risasi iliyotengenezwa huko ilimfikia nyumbani, ikamkaa mkononi. Madhara ya kiwanda hayakuishia kwenye ukuta wa kiwanda.

Katika Lualaba alama hiyo inaonekana mwilini. Mwaka 2014 madini yenye kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi. Watu walichimba mashimo uani na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 wakazi wa sehemu ya mtaa waliondolewa na eneo likazungushiwa ukuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji waliwapima wakazi wa Kasulo, na mwaka 2018 walichapisha waliyoyaona: miili ya watu wa Kasulo ilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wa mtaa wa jirani, na watoto ndio waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine uliofanywa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi za madini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Mtoto wa Kasulo, kama Ashitaka, anabeba alama ya vita ambavyo hakuvianzisha.

Maji nayo hayajui mpaka. Mto Lualaba ndio unaoendelea kaskazini na kuwa mto Kongo. Kwenye Ziwa Malo, karibu na Kapata, Kolwezi, wanawake na watoto wamekuwa wakiosha mawe ya madini wakiwa wamesimama majini. Na upande wa pili wa mpaka, katika ukanda huohuo wa shaba nchini Zambia, tumeona jambo baya zaidi: Februari 2025 bwawa la taka za mgodi karibu na Chambishi lilipasuka, maji yenye tindikali yakaingia katika mto Kafue, samaki na mazao yakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Wakulima wa chini ya mto hawakuwa na mgodi, lakini laana iliwafikia.

Hapa lakini kuna tofauti inayopaswa kutushtua. Katika filamu, laana ilisafiri mbali na tanuri. Katika biashara ya kobalti, kinachosafiri mbali ni faida. Betri inafika Paris na Shanghai ikiwa safi. Vumbi linabaki Kolwezi.

Msitu wa Lualaba

Wengine watasema kwamba Kolwezi hakuna msitu wa miungu, kuna udongo mwekundu na mashimo tu. Si kweli. Ukanda huu ni nchi ya miombo. Msitu huu huwapa watu uyoga na viwavi vya kula, asali, dawa na kuni. Unapungua kwa sababu ya migodi, mashamba, na makaa (au makala, kama watu wa huko wanavyosema) yanayopikia chakula cha miji iliyokua haraka. Tanuri la Eboshi lilikula miti ya mlima. Jiko la mama wa Kolwezi nalo linakula miti, kwa sababu ukanda unaochimba madini ya umeme wa dunia bado una nyumba nyingi zisizo na umeme wa kutegemewa.

Kuna pia hazina ambayo watu wengi hawaijui. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea yake yenyewe, iliyozoea udongo wenye sumu ya shaba na kobalti ambao mimea mingine haiuwezi. Mmoja, Haumaniastrum katangense, umejulikana kama ua la shaba kwa sababu ulipoota watafutaji wa madini walijua pa kuchimba. Mwingine umepewa na wanasayansi jina la Crotalaria cobalticola, yaani unaokaa penye kobalti. Baadhi ya mimea hii haipatikani mahali pengine popote duniani. Uzuri wake ndio msiba wake: inaota hasa pale ambapo kampuni zinataka kuchimba. Kilima kikiondolewa, ua linaondoka nalo.

Watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamekuwa wakijaribu kuikusanya mbegu zake na kuihamishia kwenye udongo mwingine. Kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wa mashimo, lakini ina maana. Inaonyesha kwamba mimea hii inaweza kupewa nafasi ikiwa kuna mtu anayeisemea kabla mashine hazijafika.

Nani anataka kichwa?

Jambo la tatu, na pengine kubwa kuliko yote, ni Jiko. Watazamaji wengi wanamkumbuka San na Eboshi wakipigana kwa visu. Wachache wanamkumbuka mtawa anayecheka pembeni akila uji. Lakini Eboshi na San wangeweza kugombana miaka mingi bila Roho wa Msitu kuuawa. Aliyeleta amri, bunduki za ziada na wawindaji ni Jiko, na aliyemtuma hatumwoni hata mara moja katika filamu nzima. Wakati Eboshi yuko msituni kwa kazi ya mfalme, bwana mwingine mwenye tamaa ya chuma anaushambulia mji wake, na wanawake wanabaki kuulinda peke yao.

Wanaojenga amani wajifunze kuuliza swali hili katika kila mgogoro: ni nani hayupo mezani, ambaye bila yeye ugomvi huu usingekuwa mkubwa hivi? Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Sehemu kubwa husafishwa China, na hutumika katika betri za simu, kompyuta na magari ya umeme. Magari hayo yananunuliwa kwa nia njema, ili kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa. Kwa hiyo katika Kolwezi hatuna kiwanda dhidi ya mazingira tu. Tuna mazingira ya mahali pamoja yanayotolewa sadaka kwa ajili ya mazingira ya mahali pengine. Bei ikipanda London, mashimo yanaongezeka Kolwezi. Bei ikishuka, watu wanalala njaa. Mnamo Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na kuanzia Oktoba mwaka huohuo ikaweka kiwango maalumu kwa kila kampuni. Uamuzi wa namna hiyo, hata ukiwa na sababu nzuri, unagusa sufuria za watu ambao hawakuulizwa.

Mchimbaji na mlinzi, kwa hiyo, wanapigana juu ya kichwa ambacho hakuna kati yao atakayekimiliki. Tarehe 27 Juni 2019 ukingo wa mgodi wa wazi katika eneo la Kamoto Copper Company, Kolwezi, uliporomoka juu ya wachimbaji walioingia bila ruhusa, na watu zaidi ya 40 walikufa. Baada ya hapo jeshi lilipelekwa kuwaondoa wachimbaji kwenye maeneo ya kampuni. Miaka sita baadaye, Novemba 2025, daraja la muda kwenye mgodi wa Kalando, Mulondo, katika jimbo hilohilo, lilianguka na kuua watu wasiopungua 32. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ilieleza kwamba milio ya risasi za wanajeshi iliwatia watu hofu wakakimbilia daraja kwa pamoja. Askari aliyetumwa na mchimbaji aliyekimbia ni watu wa nchi moja, na wote wawili hawajui jina la atakayetumia madini yale.

Kuona bila chuki kuna maana gani?

Ashitaka anapoulizwa amekuja kufanya nini, anasema anataka kuona mambo bila macho yake kufunikwa na chuki. Pande zote mbili zinamkasirikia. Mji unamwona msaliti, msitu unamwona mtu. Kila msuluhishi anaijua hali hiyo.

Lakini tusidanganyike. Kutokuwa na chuki hakumaanishi kukaa kimya katikati. Ashitaka hamwambii San na Eboshi wapatane tu. Anafanya mambo matatu yanayoonekana: anawazuia wasiuane, anasema wazi kila upande unateseka kwa nini, na anarudisha kilichochukuliwa. La tatu ndilo linaloleta amani. Mauti hayakukoma kwa sababu watu walikumbatiana. Yalikoma kwa sababu kichwa kilirudi kwa mwenyewe.

Katika Lualaba kurudisha kuna maana ya mambo yanayohesabika, na sheria inatoa mahali pa kushikia. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka kila kampuni inayochimba ikubaliane na jamii zinazozunguka mgodi juu ya orodha ya ahadi, inayoitwa cahier des charges: shule, visima, barabara, zahanati. Inataka pia asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii hizo. Katika ushuru wa madini, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya eneo dogo la utawala ambamo mgodi upo, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, ushuru wake ulipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.

Sheria hiyohiyo inaruhusu maeneo maalumu ya wachimbaji wa mikono, nao wanapaswa kuwa ndani ya vyama vya ushirika. Tatizo ni kwamba maeneo yenye madini mazuri tayari yako mikononi mwa kampuni. Kumwambia kijana aende eneo halali lisilo na madini ni kumwambia arudi ukutani usiku. Bila kulitatua jambo hili, kila operesheni ya kuwafukuza wachimbaji itazaa nyingine.

Kuna pia walioondolewa nyumbani. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH walitoa ripoti juu ya watu wa Kolwezi na vijiji vya jirani waliohamishwa ili migodi ipanuliwe, wengine kwa nguvu, wengine kwa fidia isiyotosha kununua nyumba kama waliyoiacha. Kikundi cha amani kinachowasaidia majirani kuhesabu nyumba, visima na miti ya matunda kabla ya mashine kufika, na kuandika hesabu hiyo, kinafanya kazi ya Ashitaka.

Mahali ambapo filamu haitoshi

Kila mfano una mwisho wake. Eboshi anaishi katika mji wake, anakula na watu wake, na ajali ikitokea inampata yeye pia. Wakubwa wa migodi ya leo wanaishi mbali, na hawanywi maji ya mto ule. Pia katika filamu mbwa mwitu na nguruwe wanaweza kusema. Mito yetu haisemi. Inasemewa na mvuvi, mkulima na machifu wa jadi, na sauti zao zinahitaji kupimwa maabara na kuandikwa kabla hazijaaminiwa ofisini. Tena filamu ina shujaa mmoja mwenye upinde. Kolwezi haitaokolewa na shujaa mmoja. Inahitaji kamati zinazokutana hata mwezi ambao hakuna ajali.

Hata hivyo mwisho wa filamu ni wa kweli kuliko miisho mingi. San anamwambia Ashitaka kwamba yeye anampenda, lakini hawezi kuwasamehe wanadamu. Ashitaka hamlazimishi. Atakaa mjini kusaidia kujenga, San atakaa msituni, na watatembeleana. Hakuna arusi wala karamu ya mapatano. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mji utajengwa tena na chuma kitayeyushwa tena, lakini safari hii wanaojenga wamekwisha kuona gharika. Amani ya Lualaba nayo haidai kwamba aliyebomolewa nyumba ampende aliyeibomoa. Inadai alipwe, asikilizwe, na asibomolewe tena.

Kuitumia filamu katika kikundi

Filamu ina muda wa saa mbili na robo hivi, na inapatikana ikiwa na sauti ya Kifaransa. Msimamizi asimamishe mara tatu au nne na kueleza kwa Kiswahili kilichotokea. Ina damu na viungo vinavyokatwa, hivyo haifai kwa watoto wadogo. Ikiwa kikundi kina watu waliopoteza ndugu migodini, waambieni mapema, na mwacheni atakayetaka kutoka atoke. Ni vizuri kuwaalika wa pande tofauti: wachimbaji, wafanyakazi wa kampuni, wakulima, akina mama wanaoosha mawe, na vijana wa shule. Kabla ya mjadala, kila mtu achague mhusika mmoja anayemwelewa zaidi, hata kama hakubaliani naye.

Maswali ya kujadili

1. Bibi Eboshi amewafanyia watu mema gani, na amefanya madhara gani? Katika eneo letu, nani au nini kinafanana naye?

2. Laana ya Ashitaka ilitoka mbali. Ni madhara gani yanayotufikia sisi kutoka kwa kazi ambayo hatuifanyi? Na je, kazi yetu inawafikishia wengine madhara gani?

3. Mfalme anayetaka kichwa haonekani kabisa. Katika mgogoro wetu, nani hayupo mezani? Tunaweza kumfikia kwa njia gani: barua, mwandishi wa habari, kanisa au msikiti, mbunge?

4. Kama mto na kilima vingeweza kusema katika mkutano wetu, vingedai nini kwanza? Nani miongoni mwetu anavijua vya kutosha kuvisemea?

5. Je, tumewahi kuiona cahier des charges ya mgodi ulio karibu nasi? Kama hatujaiona, nani ataiomba, na lini?

6. San hakusamehe, lakini aliacha kuua. Je, amani ya namna hiyo inatosha kuanza nayo?